Deni la Mshauri



Mada niliyopewa ni kushauri na kushauriwa. Kwa Waswahili mada hii hujibiwa kwa methali kabla mzungumzaji hajafungua kinywa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Majuto ni mjukuu. Tumelelewa na maneno haya, na sina ugomvi nayo. Lakini yapangeni pamoja mwone yanamtwisha nani mzigo. Mkuu amekwisha kusema. Aliyevunjika guu ni mkaidi. Dawa imeletwa, sikio ndilo bovu. Msikilizaji anasimama kizimbani peke yake, na mshauri amekaa kando, hana la kujibu.

Jioni hii nataka mshauri naye aitwe ajibu. Hoja yangu ni kwamba ushauri unapoharibika, mara nyingi umeharibikia mikononi mwa mtoaji, kabla haujamfikia mpokeaji. Anayeshauri anabeba deni lenye sehemu tatu: aulize kabla ya kusema, amwachie mwenye jambo uamuzi wake, na asiyakimbie maneno yake yatakapozaa matunda, matamu au machungu. Sitalithibitisha hilo kwa mawaidha. Nitalithibitisha kwa mambo yaliyotokea katika nchi yetu, na athari zake bado tunaziona.

Kongwa: ushauri usiouliza

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na mafuta ya kula yalikuwa haba. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, aliipelekea serikali ya nchi yake wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa matrekta. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu ukaangalie. Ulizunguka kwa wiki tisa hivi, safari nyingi zikiwa za ndege, kisha ukashauri zilimwe ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika. Maeneo yaliyochaguliwa huku kwetu yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. London ikakubali.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Mpango wa mwaka wa kwanza ulikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Mibuyu na vichaka vya miiba vilivunja mashine, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta havikufua dafu. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi: ukikauka unashikamana, unakula majembe ya plau na kuzing'ang'ania karanga zisitoke. Halafu mvua ikakataa. Januari 1951 mradi ulifutwa, na pauni zipatazo milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimepotea.

Tusidanganyike kwamba walioshauri walikuwa wajinga. John Wakefield, kiongozi wa ujumbe ule, alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika hiihii. Elimu alikuwa nayo, na nchi aliijua kwa ramani na kwa miguu. Kilichopungua ni kitu kingine.

Nani alijua habari za mvua ya Kongwa? Wagogo. Wamekaa katika nchi ile vizazi kwa vizazi, wakifuga ng'ombe na kulima uwele na mtama, nafaka zinazovumilia ukame. Njaa zao wanazipa majina. Ile iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1918 na 1920, waliiita Mtunya, na iliua maelfu. Watu wanaozipa njaa majina wana kumbukumbu ya mvua inayorudi nyuma zaidi kuliko madaftari ya vipimo yaliyokuwapo wakati ule. Mzee wa Ugogo angeulizwa, "Katika miaka kumi, mvua inawatupa miaka mingapi?" angejibu bila kuinuka alipokaa. Wiki tisa zilitosha kabisa kuuliza swali hilo katika kila kijiji cha Kongwa. Wazee wale hawakuhesabiwa kuwa watu wenye la kuongeza, kwa hiyo ujuzi wao haukuingia katika hesabu.

Leo sehemu ya ardhi ile ni ranchi ya taifa. Baada ya mamilioni yale yote ya pauni, Kongwa imerudi kufugiwa ng'ombe, kazi ambayo Mgogo alikuwa akiifanya pale kabla trekta la kwanza halijashushwa.

Funzo la kwanza ndilo hilo. Mtaalamu huja na ujuzi wa mambo yanayofanana kila mahali. Mwenyeji ana ujuzi wa mahali pamoja. Ushauri mzima hupatikana pale ujuzi huu wa aina mbili unapokutana, na njia ya kuukutanisha ni kuuliza. Wahenga waliliona hili upande wa pili pia, waliposema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwangu mimi hiyo ndiyo methali ya kwanza ambayo mshauri anapaswa kufundishwa, kabla hajapewa cheti.

Uluguru: ushauri wenye faini

Kisa cha pili kiko katika milima inayoutazama mji wa Morogoro. Miaka ya mwanzo ya 1950, maofisa wa serikali ya kikoloni waliona udongo wa Uluguru ukisombwa na mvua kwenda mitoni, na wakahofia mto Ruvu. Hofu yao ilikuwa ya haki, mmomonyoko ulikuwapo. Wakashauri wakulima wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko. Ushauri huo ulikuja na amri: atakayekataa anashtakiwa na kutozwa faini.

Waluguru walichimba, wakaona walichokiona. Udongo wenye rutuba katika sehemu nyingi za milima ile ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia ule wa juu na kuuleta juu ule wa chini usio na kitu. Mavuno yakashuka, kazi ikazidi, na siku za kuchimba matuta ziliibwa kutoka katika siku za kulima chakula. Watu walipolalamika, waliambiwa ni wakaidi. Julai 1955 watu walikusanyika kwa hasira, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango mzima uliachwa.

Ninawaomba mtulie kidogo hapa, maana ndipo penye kiini cha mhadhara wangu. Faini inaposimama nyuma ya ushauri, hauitwi tena ushauri. Lakini madhara yake hayaishii kwa anayetozwa. Yanamfikia pia mshauri. Mkulima wa Uluguru aliyesema "matuta haya yanaua shamba langu" alikuwa anampa ofisa matokeo ya majaribio, bure, shambani kwake, kwa jasho lake. Kukataa kwake kulikuwa taarifa. Ofisa aliyekuwa na mamlaka ya kuadhibu hakuhitaji kuisikia taarifa hiyo, kwa hiyo hakuisikia, na kosa la kitaalamu ambalo lingegunduliwa katika msimu mmoja likaendelea mpaka likamwaga damu. Mshauri anayewanyima watu nafasi ya kusema hapana anaziba macho yake mwenyewe.

Na tusiseme kwamba watu wa milimani walihitaji kufundishwa kutoka mwanzo kwamba udongo hulindwa. Wamatengo wa Mbinga wana kilimo chao cha ngoro, ambacho walikuwa nacho kabla ya maofisa wale kufika. Mvua zikielekea kuisha wanafyeka nyasi, wanazilaza kwa mistari inayokatizana ikafanya miraba, kisha wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo. Mlima mzima unakuwa na mashimo yaliyozungukwa na kingo. Maharage hupandwa juu ya kingo, maji ya mvua hutuama shimoni badala ya kuporomoka, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Wataalamu waliokwenda kuuliza wamerudi na heshima kubwa kwa kilimo hicho. Mbinga na Uluguru zote ni nchi za miteremko mikali. Aliyetafuta namna ya kulima mlimani bila kuupoteza alikuwa na mwalimu ndani ya nchi hiihii.

Wosia wa mama

Mtaniambia: hao ni maofisa na serikali. Vipi nyumbani, kwa mzazi na mwana, ambako ushauri hutoka katika mapenzi?

Kisa chetu maarufu kuliko vyote ni cha Mwana Kupona binti Msham wa Pate. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sayyid Said wa Zanzibar. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa beti 102. Shaaban Robert naye, karne iliyofuata, aliwatungia watoto wake, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mvulana. Kwetu, mzazi kumwachia mwanawe maneno ni sehemu ya urithi.

Wasomaji wa leo, hasa wanawake, wamebishana sana na wosia wa Mwana Kupona, kwa namna unavyomtaka mke amnyenyekee mume. Wana haki ya kubishana. Mama yule alishauri kwa ajili ya ulimwengu alioujua: nyumba za watu wenye hadhi katika visiwa vya Lamu, ambako usalama wa mwanamke ulitegemea sana alivyokaa na mumewe. Ndani ya ulimwengu huo alisema kwa uzoefu, na alimsemea mtu aliyemjua kwa undani. Ndiyo maana maneno yake yana uzito hata kwa anayeyakataa.

Hata hivyo kila ushauri una umri. Mzazi anashauri kutokana na miaka aliyoiishi, na mtoto ataishi miaka ambayo mzazi hajaiona. Mzazi wa Dodoma anayemshauri binti yake asomee ualimu kwa sababu yeye mwenyewe aliajiriwa mara tu alipomaliza chuo, anasema ukweli wa wakati wake. Kabla ya kumwambia hivyo, amuulize: wenzako waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Huenda binti ana majibu ambayo mzazi hana. Mapenzi humpa mzazi haki ya kusema. Hayamwondolei wajibu wa kuuliza.

Tulivyojifunza kushauri upya

Ndugu zangu, nisingetaka mwondoke mkidhani historia yetu ni ya makosa tu. Kuna mahali tulilazimika kujifunza kushauri upya, na tulijifunza kwa machozi.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Kwa miaka mingi baada ya hapo, ushauri uliotolewa ulikuwa wa mabango na vitisho. Watu waliogopa, na kwa kuogopa wakajificha. Pole pole, kwa kazi ya wauguzi, ya viongozi wa dini, na ya vikundi vya kujitolea kama WAMATA kilichoanzishwa mwaka 1989, ilikua namna nyingine tunayoiita ushauri nasaha.

Angalieni inavyofanyika. Mshauri anafunga mlango. Anauliza: umekuja kwa sababu gani, unaishi na nani, unaogopa nini? Anasikiliza. Anaeleza kipimo kinasema nini na hakisemi nini. Anauliza: ukikutwa na virusi, utamwambia nani kwanza? Kisha anamwachia mtu aamue kupima au kutopima, na akiamua kwenda kufikiri, mlango uko wazi atakaporudi. Siri yake inabaki siri. Baada ya majibu, mshauri bado yupo, leo na mwezi ujao. Sehemu zote tatu za deni zimelipwa: ameuliza, ameacha uamuzi, amebaki.

Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya taifa ya upimaji wa hiari. Wengi mnaikumbuka siku ile. Nguvu yake ilitoka mahali pamoja: anayewashauri wananchi wanyooshe mkono alikuwa ameunyoosha wake kwanza. Mshauri asiyekubali kulionja analowaambia wengine hawezi kudai kusikilizwa.

Tume ya Nyalali: kusikiliza bila kubembeleza

Sasa nijibu pingamizi ambalo najua linawasumbua baadhi yenu. Kama mshauri atauliza kila mtu na kumwachia kila mtu uamuzi, je, hatageuka kuwa karani wa kuandika matakwa ya watu?

Februari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi: tuendelee na chama kimoja au tuingie mfumo wa vyama vingi? Tume ilizunguka Bara na Visiwani, ikakaa na watu kwenye mikutano, ikapokea maandishi. Hesabu ilipofanywa, karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Karibu asilimia 20 walitaka vyama vingi.

Tume ikashauri vyama vingi. Bunge likabadilisha Katiba mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo ukafanyika mwaka 1995.

Je, tume iliwadharau wananchi? Hapana. Ilikuwa imewasikiliza zaidi ya kuwahesabu. Iligundua kwamba wengi miongoni mwa waliotaka chama kimoja walitaka pia kibadilike sana, na kwamba sauti ya asilimia 20 haikuwa ndogo ya kupuuzwa katika taifa linalotaka kubaki na amani. Iliweka takwimu wazi, zikiwamo zile zilizopingana na pendekezo lake, kisha ikatoa sababu. Yeyote aliyetaka kuipinga alikuwa na kila kitu cha kumwezesha kuipinga. Kuuliza hakumfungi mshauri kusema yale yale aliyoambiwa. Kunamfunga kuonyesha amesikia nini, na kwa nini anashauri vingine.

Tume hiyohiyo ilitaja sheria 40 zilizobana haki za wananchi ikashauri zifutwe au zirekebishwe. Sehemu kubwa ya orodha hiyo ilikaa miaka mingi bila kuguswa. Hapa ndipo wajibu unapomgeukia mshauriwa. Mkulima akikataa ushauri, shamba ni lake na njaa ni yake. Hahitaji ruhusa ya mtu. Lakini mwenye madaraka anakataa kwa niaba ya wengine. Akikataa, aseme hadharani kwa nini. Kuupokea ushauri wote kwa makofi na kisha kuutekeleza nusu kimyakimya kunawafundisha wananchi kwamba kuulizwa kwao ni sherehe tu, na watu wakishaamini hivyo, tume ijayo itakusanya adabu badala ya maoni.

Wajibu wa anayeomba

Kwa mshauriwa wa kawaida nina mambo mawili.

La kwanza, omba ushauri kabla hujaamua. Tunawaita wazee kwenye kikao cha ndoa kadi zikiwa zimechapwa na ukumbi umelipiwa. Tunamwita mtaalamu wa ujenzi msingi ukiwa umemwagwa. Hapo tunatafuta baraka, na kutafuta baraka si dhambi. Lakini tusiwalaumu wazee baadaye kwamba hawakutuonya.

La pili, sema yote. Mficha uchi hazai. Anayekwenda kwa ofisa wa mikopo akaficha deni la kwanza, au kwa daktari akaficha dawa za kienyeji alizokunywa juzi, anashauriwa kuhusu mtu mwingine asiyekuwapo. Ili watu waseme yote, wanahitaji kujua kwamba hawatachekwa wala kusemwa vijiweni. Kwa hiyo hata wajibu huu wa mshauriwa unamrudia mshauri: anayetunza siri ndiye anayeambiwa ukweli, na anayeambiwa ukweli ndiye anayeweza kushauri vyema.

Pendekezo

Nimalize kwa jambo linaloweza kufanyika. Sheria zetu zinautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe. Huko ndiko mipango ya ardhi, maji, mashamba na misitu inakopelekwa ipate ridhaa. Mara nyingi mtaalamu hufika na taarifa iliyokwisha kufungwa jalada, huisoma, watu hunyoosha mikono, na gari huondoka.

Napendekeza kila taarifa ya kitaalamu inayopelekwa kijijini, iwe ya mbegu, ya kisima au ya mpango wa matumizi ya ardhi, ianze na kurasa zinazosema: tuliuliza nani, walituambia nini, wapi walitukatalia, na kwa nini bado tunashauri hivi. Kurasa hizo zisomwe mkutanoni kabla ya mikono kunyooshwa, na wanakijiji wapewe nafasi ya kusema kama kweli ndivyo walivyosema. Kisha mtaalamu huyo apangiwe tarehe ya kurudi baada ya msimu mmoja, aeleze mbele ya watu walewale ushauri wake umefika wapi.

Halmashauri haihitaji mfadhili wala sheria mpya ili kuanza; mkurugenzi anaweza kuliagiza hili kesho asubuhi. Ninyi maofisa ugani mlio hapa mnaweza kuanza hata kabla hajaagiza. Na ninyi wanakijiji mnaweza kulidai: mkisomewa taarifa isiyo na kurasa hizo, msinyooshe mikono mpaka mtaalamu akae chini awaulize.